Chupa Yenye Uzi Mwekundu

Kila Jumamosi asubuhi, watoto wenzangu walipokuwa uwanjani wakicheza mpira, mimi nilikuwa nyuma ya jikoni nimejifunga kitambaa puani, nikiosha chupa. Si chupa za soda wala za mafuta. Zilikuwa chupa tano ndogo za glasi, na ndani ya nne kati yake mlikuwa na masalia ya yale maji ya Bibi. Ukitaka kujua yalivyonuka, chukua soksi ya mtu aliyetembea kutwa, iloweke, isahau wiki nzima, halafu fungua.

Nyumbani hakuna aliyeniita jina langu. Waliniita Kinyaa, na sikukasirika kwa kuwa ilikuwa kweli. Niliona kinyaa utando wa maziwa, unywele kwenye sabuni, na kijiko kilichoingia kinywani mwa mtu mwingine. Mdogo wangu wa kiume tulimwita Domo, maana siri kwake haikulala. Siku moja alinilambia kijiko changu makusudi, nikashinda na njaa.

Na mtu kama mimi ndiye aliyelelewa katika nyumba ya uyoga! Baba na Mama walifanya kazi mbali, nasi tuliishi kwa Bibi na Babu. Chumba cha uani kilikuwa cha Bibi. Humo mlikuwa na giza na unyevunyevu, na mifuko ya mabua yaliyochemshwa ilining'inia kutoka darini. Uyoga ulichomoza kwenye matundu ya mifuko kama masikio. Mwingi ulikuwa wa kuliwa. Lakini kulikuwa na aina moja ngumu, ya kahawia, chungu kama shubiri, ambayo Bibi aliipanda kwa ajili ya maabara ya chuo kilichokuwa mwisho wa barabara yetu.

Uyoga huo Bibi aliukausha, akautwanga, akauloweka katika maji ya moto, akauchuja kwa kitambaa, kisha akayachemsha yale maji mpaka yakawa mazito. Alifanya vivyo hivyo na majani ya mti mmoja mchungu uliokuwa nyuma ya nyumba. Maji ya uyoga aliyatia katika chupa mbili zenye uzi mwekundu shingoni. Ya majani aliyatia katika mbili zenye uzi wa kijani. Kila rangi, chupa moja ilikwenda maabara na nyingine ilibaki rafuni kama akiba ya wiki hiyo. Chupa ya tano ilikuwa na uzi mweupe. Hiyo aliitia maji matupu yaliyochemshwa.

"Maji matupu ya nini, Bibi?" niliwahi kumuuliza.

"Ni ya kulinganishia. Maji matupu yakiua vijidudu, Mtaalamu atajua kuna mtu ameharibu kazi."

Mtaalamu alikuwa dada mmoja mrefu mwenye miwani, aliyesimamia maabara ile. Alinieleza kazi yake siku ya kwanza nilipomfikishia chupa. "Uyoga na miti hupigana na vijidudu kila siku ili isioze wala kuliwa," alisema. "Mimi natafuta silaha zake. Nyingine huenda zikafaa kwa dawa, nyingine kwa kuhifadhi chakula. Nyingi hazitufai kitu, lakini huwezi kujua bila kupima."

Miaka miwili Bibi alipeleka chupa zake, na miaka miwili Mtaalamu alipima asione kitu. Majirani walimcheka. "Mama Uyoga, dawa ya kuponya dunia imefika wapi?" walimuuliza kisimani. Bibi alicheka nao, lakini akifika nyumbani alitwanga kwa nguvu kuliko kawaida.

Kazi yangu mimi ilikuwa na sheria moja tu. "Sugua, chemsha, suuza, anika," Bibi alirudia kila wiki. "Sabuni hapana. Dawa hapana. Chupa isitie neno lake."

Basi Jumamosi ninayotaka kuisimulia, chupa za maabara zilikuwa zimerudi zimechelewa. Pamoja na zile za akiba, zilikuwa zimekaa siku tatu juani dirishani. Nilifungua ya kwanza. Ndani kulikuwa na ute mzito kama kamasi, una madoa ya kijani, nao ulinifuata ulipokuwa unatoka, ukajivuta, ukakataa kukatika. Harufu ilikuwa ya panya aliyefia ukutani. Nilikimbia hadi kwenye ua nikatapika chai yote niliyokunywa.

Niliporudi, nilikaa mbali na beseni nikazitazama zile chupa kwa chuki. Kuzisugua maana yake ni kuingiza brashi, na vidole nyuma ya brashi. Sikuweza. Kando ya mlango wa choo palikuwa na dawa ya kusafishia choo, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikikutana na maji. Nilitia vifuniko viwili viwili katika zile chupa nne zilizonuka, nikatikisa, nikamwaga. Ute wote ukatoka wenyewe. Chini ya kila chupa kulibaki kidogo, nami nikakiona, nikakiacha. Chupa ya uzi mweupe haikunuka, kwa hiyo hiyo niliichemsha kama nilivyoagizwa.

Bibi alikuja kuzikagua akiwa bado na vumbi la uyoga mikononi. Pua yake ilikuwa imezoea kila uvundo wa chumba kile, haikushtuka tena kwa lolote.

"Leo zimeng'aa!" alisema. "Umesugua na kuchemsha?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mjukuu wangu huyo."

Jumatano, baada ya shule, nilimsindikiza Bibi maabara. Sikupapenda mahali pale. Mezani kulikuwa na visahani vyenye kitu kama maji ya kuganda, na juu yake vijidudu vilikuwa vimeota, utando wa rangi ya usaha. Nilitazama dari. Mtaalamu siku hiyo alikuwa na mafua makali, pua nyekundu, anapiga chafya nyuma ya kitambaa. Lakini macho yake yalikuwa yanacheka.

"Mama, njoo uone," alimwambia Bibi. "Hapa nilitia tone la chupa yako nyekundu."

Nikajikuta nami nimetazama. Katikati ya ule utando kulikuwa na duara kubwa, safi kabisa, kama mtu amefuta kwa kidole. Hakuna kijidudu hata kimoja kilichoota ndani yake.

"Hii ya kijani nayo ni hivyo hivyo. Ya maji matupu haina kitu, kama inavyotakiwa. Wiki hii umeongeza nini, Mama?"

"Nimeongeza bidii, mwanangu," Bibi alijibu.

Nilijua mara moja. Bidii haikuwa ya Bibi, ilikuwa ya dawa ya choo.

Mtaalamu alikuna kichwa. "Kinachonishangaza ni kwamba maduara mawili yanalingana, na uyoga na majani si kitu kimoja. Niletee chupa nyingine Jumatatu, nirudie. Jambo likitokea mara moja si elimu bado. Na sikilizeni vizuri: kisahani si mtu. Asinywe mtu, wala asijipake."

Bibi aliitikia, lakini nadhani alisikia nusu tu. Njiani alitembea upesi kama msichana. Kisimani alisimama, akawaambia wale waliokuwa wakimcheka, "Mama Uyoga anawasalimu!" Kisha akanishika mkono akaubana. "Chupa zimesaidia, Kinyaa. Ulivyoziosha!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningesema nini? Kila saa iliyopita, maneno yalizidi kuwa mazito. Usiku ule chakula hakikushuka, na kwa mara ya kwanza si kwa sababu ya kijiko cha mtu. Nilijiona kinyaa mwenyewe.

Nyumbani alikuwepo mtu mwingine aliyefurahi kupita kiasi, naye ni Babu. Babu alikuwa na kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo, kilichokataa kupona kwa miezi mitatu. Kila baada ya siku moja alikwenda zahanati kusafishwa na kufungwa upya. Zamu yangu ikifika ya kumsindikiza, nilimshikia mkongojo huku nikisoma mabango ukutani, ili nisione kilichokuwa chini ya bendeji. Muuguzi alikuwa amemwonya mbele yangu: "Mzee, ukikosa kuja, mguu huu utaoza. Ukioza, tutaukata. Sikutishi."

Lakini Domo alikuwa amekwisha kumsimulia Babu habari za maduara, na alipofika mwisho, duara lilikuwa kubwa kama sinia.

Alhamisi Babu hakwenda zahanati. "Mguu umechoka kutembea," alisema. Ijumaa bendeji ilianza kutoa harufu. Bibi alimgombeza, akamwambia kesho yake lazima aende. Babu akaitikia, "Sawa, sawa," kama mtu anayeitikia redio.

Jumamosi ilifika tena. Bibi alikuwa ametoka asubuhi kutafuta mabua. Mimi nilikaa nyuma ya jikoni na chupa za kurudia kipimo mbele yangu, na kando yangu dawa ya choo. Nilikuwa nimeileta mwenyewe, tena kwa kunyata. Nikiziosha vizuri, Jumatatu duara litapotea, na kisimani watamcheka Bibi mpaka afe. Nikitia dawa tena, duara litabaki, na Bibi ataendelea kutembea kama msichana. Njia ya mwongo ni fupi, walimu walituambia hivyo kila mara, lakini siku ile niliiona ndefu, tena imesafishwa, inaningoja. Nilifungua kifuniko.

"Dada!" Domo alikuja mbio akihema. "Dada, njoo uone! Babu anapona sasa hivi!"

"Anaponaje?"

"Kwa ile dawa ya maajabu! Nimepanda rafuni nikamshushia. Nusu atajimwagia, nusu atakunywa!"

Sikumbuki nilivyosimama. Ninakumbuka nimefika uani, na Babu alikuwa kwenye kiti chake, bendeji amekwisha kuivua. Kidonda kilikuwa wazi. Kilikuwa kipana kama kiganja changu, kingo nyeupe, katikati kijani na njano, kinalowa, na nzi wawili walikuwa wamekwisha kupata habari. Mkononi mwa Babu palikuwa na kikombe. Pembeni, juu ya kinu, ilisimama chupa yenye uzi mwekundu, tupu.

"Mh! Hii kali," Babu alikuwa anasema, anakunja uso juu ya kikombe. "Inanuka kama choo cha zahanati. Lakini dawa tamu nani amewahi kuiona?" Akakiinua mdomoni.

Nilikipiga kikombe kwa mkono. Kiliruka, kikaangukia karibu na mlango, na yale maji yakasambaa ardhini.

"Wewe mtoto!" Babu alinguruma. "Umeota pembe? Unampiga babu yako?"

"Usinywe, Babu! Ina dawa ya choo!"

Domo alirudi nyuma hatua moja.

"Ya choo kipi?" Domo aliuliza kwa sauti ndogo. "Chetu?"

"Niliosha chupa kwa dawa ya choo," nilisema, na machozi yakawa yananidondoka. "Sikusuuza. Niliona kinyaa. Siyo uyoga unaoua vijidudu, Babu, ni ile dawa. Ni mimi."

"Kumbe ni wewe." Haikuwa sauti ya Babu. Bibi alikuwa amesimama kwenye lango la ua, mzigo wa mabua bado kichwani.

Aliushusha mzigo polepole, akakaa juu yake. Alitazama chupa, akatazama maji ardhini, akatazama mguu wa Babu. Nilingoja makofi. Ningeyapokea kwa furaha.

"Umekunywa?" alimuuliza Babu.

"Hata tone. Kichaa huyu amewahi."

"Umejimwagia?"

"Bado."

Bibi alifumba macho, akashusha pumzi. "Kama angekunywa," aliniambia, "ningemzika huku nikiusifia uyoga wangu." Kisha akasimama. "Vaa viatu. Unampeleka Babu zahanati sasa hivi. Na safari hii hutasoma mabango."

Njia nzima Babu aliniegemea, nami nilimshikilia vizuri kadiri nilivyoweza.

Muuguzi alipoona mguu, alimgombeza Babu mpaka wagonjwa wengine wakainamisha vichwa. Kisha akanitupia mimi glovu. "Wewe mwenye macho, shika beseni." Nikashika. Alisafisha, na yaliyotoka yakaanguka ndani ya beseni mbele ya pua yangu, mepesi na mazito. Nilimeza mate, nikahesabu hadi mia, nikaanza tena moja. Mara mbili kichefuchefu kilinipanda hadi kooni nikakirudisha. Babu alikuwa ameshika kingo za kitanda, jasho linamtoka, na ndipo nilipotambua jambo ambalo sikuwahi kuliona nikisoma mabango: kumbe ilikuwa inamuuma kiasi kile, kila safari, nami nilikuwa nimempa mgongo.

"Umewahi," muuguzi alisema mwishoni. "Siku tatu zaidi tungezungumza mengine. Mzee, ukikosa tena nitakufuata nyumbani na mkasi."

"Nakuja, nakuja," Babu alisema. Tulipotoka nje, akanipiga kikonzi chepesi kichwani. "Hicho ni cha kikombe. Cha chupa utapigwa na bibi yako."

Bibi hakunipiga. Jumatatu asubuhi, kabla ya shule, alinipeleka maabara, akanisukuma mbele. "Sema," aliniambia.

Nikasema yote, hadi vile vifuniko viwili viwili. Mtaalamu alivua miwani, akaipangusa muda mrefu.

"Kwa nini ya maji matupu haikuonyesha kitu?" aliuliza.

"Haikunuka, kwa hiyo hiyo niliiosha sawasawa."

"Lo!" Alikaa kitini. "Kipimo changu cha kunilinda, umekipita kwa sababu ya pua yako. Na pua yangu mimi ilikuwa na mafua." Hakucheka. "Unajua nilikuwa nimeanza kuwaandikia wenzangu barua? Wangeacha kazi zao wakahangaike na uyoga ambao haukufanya lolote. Mwingine angempa mgonjwa."

"Samahani, Mtaalamu."

"Samahani nimeipokea. Sasa tutapima hata kosa lako. Osha chupa, mbele yangu."

Nikaziosha. Safari hii niliingiza brashi, na vidole nyuma ya brashi. Ute ulinishika hadi kwenye kifundo cha mkono, wa baridi, unateleza, na nilitapika kidogo katika ndoo ya taka. Nikanawa mdomo, nikaendelea. Nilisugua, nikachemsha, nikasuuza, nikaanika. Chupa moja tu, kwa amri ya Mtaalamu, niliiosha kwa dawa ya choo kama mwanzo, akatia ndani yake maji matupu. Nyingine Bibi alizitia maji mapya ya uyoga na ya majani, aliyoyachemsha taratibu kuliko wiki zote.

Siku tatu baadaye alituita. Visahani vitatu vilikuwa mezani. Nilivitazama vyote, sikutazama dari.

Kisahani cha kwanza kilikuwa cha ile chupa ya dawa ya choo. Duara kubwa, safi, lile lile. "Hili tumelijua ni la nani," Mtaalamu alisema, nami nikainamisha kichwa.

Cha pili kilikuwa cha majani. Hakikuwa na kitu. Vijidudu vilikuwa vimeota hadi katikati, vimestarehe.

Cha tatu kilikuwa cha uyoga. Bibi aliinama, asione kitu. Akainama zaidi. Mtaalamu alimpa kioo cha kukuzia. Kuzunguka lile tone kulikuwa na duara jembamba, upana wa uzi tu.

"Nilirudia mara tatu," Mtaalamu alisema. "Kila mara lipo. Si dawa ya mguu wa Mzee, Mama, wala ya mtu yeyote leo. Lakini awali hukuchemsha taratibu namna hii, na sasa kuna kitu. Nitajaribu kwenye vipande vya mkate, nione kama mkate utachelewa kuota ukungu. Labda utachelewa, labda hautachelewa."

Bibi alishika kile kisahani kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama anayepokea mtoto mchanga.

"Lile kubwa halikuwa langu," alisema mwishowe. "Hili dogo ni langu."

Tukarudi nyumbani. Kisimani Bibi alisimama tena. Nilidhani atapita haraka, lakini alituliza pumzi akawaambia wale wanawake kwamba duara lile la kwanza lilikuwa kosa, na kwamba la kweli ni jembamba kama uzi. Walicheka, bila shaka. Mmoja alicheka mpaka akamwaga ndoo yake. Bibi aliwangoja wamalize, akawaaga, tukaendelea na safari. Nilikuwa nalia.

"Unalilia nini?" aliniuliza.

"Wamekucheka kwa sababu yangu."

"Wamenicheka mbele ya ukweli. Hilo halinidhuru." Alinishika bega. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuona kinyaa si dhambi. Pua umepewa ikuonye. Ute, usaha, uvundo, vyote hivyo vinapiga kelele, na maji yanaviondoa. Lakini uliponiambia 'Ndiyo, Bibi,' sikunusa kitu. Uongo hauna harufu, ndiyo maana ulifika hadi mdomoni mwa babu yako. Huo ndio uchafu wa kuuonea kinyaa."

Niliitikia kwa kichwa.

"Na jambo la pili," alisema. "Jumamosi chupa zinakungoja."

Mguu wa Babu ulichukua miezi miwili zaidi kufunga, na mimi ndiye niliyeshika beseni kila safari. Jumamosi bado naosha chupa nyuma ya jikoni. Bado zinanuka, bado nakunja uso, na Domo bado ananiita Kinyaa. Bibi akija kuzikagua huuliza, "Umesugua na kuchemsha?" Nami siku nilizosahau kusugua moja, humwambia, "Bado moja, Bibi," nikaichukua na kuingiza vidole.